Swali la Saba la Mwalimu Immakulata

Wasifu wa Mwalimu Immakulata Niyibizi, 14 Septemba 1971 – 9 Juni 2025. Unasomwa na mdogo wake, Bazilio Niyibizi, hapa Makere, Kasulu, Alhamisi tarehe 12 Juni 2025.

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, mama yetu mzazi, shemeji Pasikali, wanangu, walimu mliotoka Kibondo na Kasulu mjini, na majirani wote wa Makere, poleni.

Kazi hii ya kusoma nilipewa na marehemu mwenyewe mwezi wa tatu, akiwa kitandani, na aliniwekea masharti. Nisiseme kwamba alikuwa malaika. Nisisome mbio mbio kama dalali wa mnadani. Na habari ya swali la saba niisome yote, pamoja na sehemu inayonihusu mimi. Hayo mawili ya kwanza ni mepesi. La tatu mtanivumilia.

Mwalimu Immakulata alizaliwa tarehe 14 Septemba 1971 katika kijiji hiki, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Niyibizi na mama Skolastika, ambaye tunaye hapa mbele akiwa na miaka themanini na minne. Babu yetu alivuka mpaka kutoka Burundi akitafuta mahali pa kulima, akapapata kwenye kilima hiki ambacho mmepanda leo. Nyumbani tulisema Kiha chenye Kirundi ndani yake. Kiswahili tulikikuta shuleni, kama tulivyokuta ubao na chaki.

Alianza darasa la kwanza hapa Makere mwaka 1979. Mama anasimulia kwamba muhula wa kwanza wote hakufungua mdomo darasani, na huku nyumbani alikuwa hanyamazi hata kwa kutishwa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1985, wa kwanza kati ya wasichana, akachaguliwa kwenda sekondari huko Tabora, ambako alisoma hadi 1989. Mwaka 1990 aliingia chuo cha ualimu mjini Kasulu, akahitimu 1992. Baadaye alisoma stashahada ya elimu maalumu Arusha, kisha shahada ya saikolojia ya elimu, na mwaka 2016, akiwa na miaka arobaini na mitano na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kututazamia sisi, akaanza shahada ya pili. Baba yetu, kabla hajafariki, alikuwa akimwuliza kama hiyo shule haina mwisho. Alijibu kwamba ina mwisho, ila mwalimu wake hajauonyesha.

Ndoa yake na Pasikali Niyonzima, bwana kilimo wa Kibondo wakati ule, ilifungwa hapa parokiani Jumamosi tarehe 27 Julai 1996. Shemeji ameniruhusu kusema jambo moja. Barua yake ya kwanza ya kumtaka uchumba alirudishiwa ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Makosa tisa ya herufi, aya mbili zimekatwa, na chini kabisa: "Wazo ni zuri. Rudia." Shemeji akarudia. Ile ya pili ilipata nane juu ya kumi, na mpaka juzi alikuwa bado anauliza zile mbili zilikwenda wapi. Mungu aliwapa watoto wawili, Mpawenimana mwaka 2002, baada ya kungoja miaka sita, na Editha mwaka 2006.

Kazi aliianza mwaka 1992 katika shule za msingi wilayani Kibondo, na alifundisha miaka thelathini na miwili, mingi kati ya hiyo katika darasa la awali na la kwanza. Wengine walikimbilia madarasa ya juu yenye mitihani na sifa. Yeye aliwataka wadogo. Alisema mtoto anayeshindwa kusoma akiwa darasa la tano alianza kushindwa siku nyingi, na sisi tulikuwa tunamwangalia tu. Wazazi wa Kibondo walimjua kwa usumbufu huo. Ukimleta mtoto wako kuandikishwa, anamchunguza macho, anamchunguza masikio, anamwuliza maswali, na wewe anakuuliza mtoto alianza kutembea lini. Kuna watoto watatu ambao waliitwa wajinga kumbe hawasikii vizuri, na ni yeye aliyewatambua. Mmoja wao yuko hapa, ni fundi umeme, ndiye aliyefunga hivi vipaza sauti.

Sasa swali la saba.

Utafiti wake wa shahada ya pili ulihusu kuwatambua mapema watoto wanaohitaji msaada. Mwaka 2017 aliwapima watoto mia mbili na kumi na wanne katika shule sita za Kibondo na Kasulu, mmoja mmoja, kwa mkono wake. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. Mtoto anachora duara, anahesabu vijiti, anataja rangi, anasimulia picha. Swali la saba lilikuwa la wakati: jana ulikula nini, kesho utakwenda wapi. Na lilikuwa na sharti lake peke yake. Kitabu alichokifuata kilisema mtoto wa miaka sita asiyetofautisha jana na kesho aingizwe moja kwa moja kwenye orodha ya msaada, hata kama mengine yote amepata. Dada alilichukua sharti hilo kama lilivyo.

Jumanne tarehe 13 Juni 2017, katika shule moja ya Murungu, ilifika zamu ya binti wa miaka sita aliyeitwa Divine. Baba yake, Nduwayezu, alikuwa mkulima wa maharage na mihogo pale Murungu, na ukoo wao ulikuwa umetoka Burundi kama wetu. Divine alipata maswali kumi na moja bila kusita. Alipofika la saba, akaulizwa jana alikula nini. Akajibu, "Kesho nilikula maharage." Akaulizwa kesho atakwenda wapi. Akajibu, "Jana nitakwenda kisimani na mama." Dada akaandika pembeni kwa mwandiko wake mzuri: hatofautishi nyakati. Fomu hiyo nimeiona. Ameandika na kupigia mstari.

Watoto sitini na mmoja waliingia kwenye orodha. Dada aliwaombea chumba cha pembeni katika kila shule, akawatafutia picha na vijiti vya kuhesabia, na mara mbili kwa wiki aliwafundisha mwenyewe. Nia yake ilikuwa njema na chumba alikipenda. Lakini watoto wenzao walikipa jina ndani ya siku tatu. Walikiita chumba cha wazito. Murungu walikuwa wanaimba kabisa wakati wale wanaingia.

Nduwayezu alikwenda shuleni. Dada alinisimulia maneno yake mara nyingi, ndiyo maana nayajua. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mwalimu, huyu mtoto nyumbani ndiye ananikumbusha mimi. Nikisahau jembe shambani, yeye ndiye anasema liko wapi. Sasa mnasema ni mzito namna gani?"

Dada akamweleza kwa upole kwamba si kosa la mtoto, ni jambo la kusaidiwa mapema.

"Basi mumsaidie bila kumtenga. Amekataa kula. Anasema yeye hana akili, mwalimu ameandika."

Dada alimwambia avumilie hadi mwisho wa mwaka. Nduwayezu hakuvumilia. Mwezi wa kumi alimchukua Divine, akampeleka kwa bibi yake mzaa mama, aliyekuwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, kwa sababu kule walisoma kwa Kirundi na hapangekuwa na mtu wa kumcheka. Dada aliandika kwenye daftari lake kwamba mtoto amehama. Mwaka uliofuata akapata shahada yake, na utafiti ukasifiwa.

Tarehe 21 Aprili 2019, Jumapili ya Pasaka, tulikuwa tumekusanyika hapa nyumbani, tunakula. Mama alikuwa anatusimulia habari za jino lake. Tangu wajukuu waje, anapenda kusimulia kwa Kiswahili ili wamwelewe. Akasema, "Kesho nilimwona yule daktari wa meno, akanambia nirudi jana."

Tulicheka mpaka Editha akamwaga soda. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama akakasirika.

"Yewe Bazilio, unacheka nini? Kwetu ni ejo na ejo. Iliyopita ni ejo, inayokuja ni ejo. Mwenye masikio anasikia kama nimekwenda au nitakwenda. Au nyie mlizaliwa na nani?"

Dada peke yake hakucheka. Aliweka sahani chini na kusema, "Mama, hebu rudia."

"Sirudii. Mmeshanicheka."

Ndugu zangu, neno hilo sote tumelinyonya na maziwa. Hakuna mtu kwenye kilima hiki asiyejua kwamba ejo ni jana na ejo ni kesho, na kwamba kitenzi ndicho kinachokuambia ni siku ipi. Dada alilijua kabla hajajua jina lake mwenyewe. Lakini alikuwa amesoma sana kwa Kiswahili na Kiingereza, na siku aliyokaa mbele ya wale watoto na fomu yake, mtoto wa Skolastika hakuwepo pale. Alikuwepo mtafiti. Alitaka niseme hivyo, na nimesema.

Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka alipanda gari la kwanza kurudi Kibondo, akafungua yale maboksi ya fomu. Kati ya watoto sitini na mmoja, thelathini na wanane walikuwa wameingia kwenye orodha kwa sababu ya swali la saba tu. Na kati ya hao thelathini na wanane, thelathini na mmoja walikuwa wametumia kitenzi sahihi. Kesho nilikula. Jana nitakwenda. Watoto walijua vizuri sana kilichopita na kinachokuja. Walichokuwa hawajui ni neno lipi la Kiswahili linakaa upande upi. Alinipigia simu akilia, akasema, "Bazilio, nilikuwa napima Kiswahili, nikaandika akili."

Aliandika chuoni kuomba utafiti wake usahihishwe. Alijibiwa kwa heshima kwamba kazi ilishapita na shahada ilishatolewa, hakuna haja. Kwa hiyo mpaka leo iko maktabani, na asilimia zake zinanukuliwa na watu wengine, na yeye aliishi akijua hivyo. Alitengeneza fomu mpya ambayo mtoto anaruhusiwa kujibu kwa lugha ya kwao. Mama Asmahani, mwenye duka la vifaa vya ofisi pale Kibondo mjini, alimtolea nakala bila kumtoza. Walimu waliokubali kuitumia wako hapa, nawaona, asanteni.

Kisha alianza kuwatembelea wale watoto thelathini na wanane. Alikwenda kwa pikipiki, nyumba kwa nyumba, Murungu, Makere, na vijiji vya katikati, miaka miwili. Kila nyumba alimwita mtoto na wazazi, akaweka fomu ya zamani mezani, akasema: hapa niliyekosea ni mimi. Wengine walimkaribisha chakula. Wengine hawakumpa hata kiti. Watoto tisa alikuta wameshaacha shule. Mama mmoja wa Murungu alimwambia, "Mwalimu, pole yako nimepokea. Lakini mimi siku hizi si wa kuambiwa. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hana akili, nani atamtoa hilo?" Dada alirudi kwa mama huyo mara nne. Mtoto hakurudi shuleni.

Kufikia mwezi wa tisa mwaka 2021 alikuwa amefika nyumba thelathini na saba. Alibaki Divine.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Dada aliomba kibali cha kuingia kambini na alikuwa bado anasubiri jibu. Mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa nimetengeneza mabenchi ya kambi, kazi ilikwisha, lakini kibali changu kilikuwa hai hadi mwisho wa Desemba. Mwanzoni mwa Oktoba alikuja karakanani kwangu Kasulu na bahasha. Ndani kulikuwa na fomu ya Divine na barua fupi ya Kirundi. Akaniambia, "Mpe bibi yake, au Nduwayezu ukimkuta. Na umsomee mtoto mwenyewe, asikie kwa masikio yake."

Nilimwambia nitakwenda kesho.

Sikwenda. Mwezi ule nilifika Kakonko mara tatu kuchukua mbao, na kutoka pale Mtendeli si mbali. Kila mara nilijiambia mvua inakuja, mbao zitalowa, nitapita safari nyingine. Huo si ukweli wote. Ukweli ni kwamba niliona dada anasumbuka bure. Nilimwambia hivyo usoni. Nilisema, "Dada, ni mtoto yule. Ameshasahau."

Alinitazama kwa ile miwani ya pili. Akasema, "Wewe ukikosea meza, unaipasua unapikia maharage. Mimi hii niichome wapi?"

Hata baada ya hapo nilichelewa. Nilikwenda tarehe 17 Desemba. Kambi ilikuwa inafungwa. Nilikuta nyumba zimeezuliwa na mlinzi mmoja amekaa juu ya ndoo. Nilimtajia jina la bibi, akatikisa kichwa. Akasema, "Wengine wamepelekwa kambi ya Nduta, wengine walishavuka kwenda kwao. Ungekuja mwezi uliopita, mzee, hapa palikuwa na watu." Nilikwenda Nduta siku mbili, sikumpata anayewafahamu. Murungu niliambiwa Nduwayezu naye ameondoka na mkewe kuwafuata wenzao. Nilimrudishia dada bahasha nikiwa tayari kugombezwa. Hakunigombeza. Alisema, "Basi, asante kwa kwenda," akaiweka kwenye mkoba. Angenitukana ningepata nafuu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 alihisi uvimbe kwenye titi la kushoto. Mwanamke aliyewasumbua wazazi wa wilaya nzima wawalete watoto mapema, yeye mwenyewe alisema atakwenda kupima watoto wakishafunga shule, halafu wakishafungua, halafu wakishamaliza upimaji wa muhula. Shemeji alimsihi, Editha alimsihi. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nimepoteza haki ya kumwambia mtu kuhusu kuchelewa. Alikwenda hospitali mwezi wa nane mwaka 2024. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imetembea. Alitibiwa Mwanza miezi mitano. Wauguzi wa kule wanamkumbuka, kwa sababu aliwasahihishia tangazo la ukutani. Tunawashukuru wote waliomhudumia. Mwezi wa pili mwaka huu alirudi nyumbani Kibondo, na Jumatatu tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, alifariki dunia, shemeji akiwa amemshika mkono na Editha akiwa anambadilishia mto.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikwenda kumwona. Tuliandika pamoja orodha ya wafiwa, kwa kuwa alisema mimi nitasahau watu. Mwishoni akaniambia niongeze jina moja. Nikamwambia orodha hii ni ya ndugu, watu watashangaa. Akasema washangae, mwandike. Akanirudishia na bahasha. Nilitaka kumwomba msamaha siku ile, maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, lakini alikuwa amechoka na nikasema nitamwambia nikija tena. Mnaona nilivyo.

Marehemu ameacha mama mzazi, Skolastika. Ameacha mume, Pasikali Niyonzima, na watoto wawili, Mpawenimana na Editha. Ameacha ndugu wanne, nikiwemo mimi. Ameacha watoto wengi wa Kibondo na Kasulu aliowafundisha kusoma.

Na ameacha Divine, binti wa Nduwayezu, ambaye mwaka huu ametimiza miaka kumi na minne, na hatujui aliko. Wenye ndugu Nduta, wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, wanaokwenda sokoni huko, naomba mwulize. Msingoje bahasha, mkimwona mwambieni hapo hapo: alipata maswali yote kumi na mawili. Aliyekosa ni mwalimu, na mwalimu alijua, na alimtafuta.

Mungu ampe dada yangu pumziko, ambalo mimi ndiye niliyemchelewesha kulipata.